Bosi wa kivinjari akiwa na maneno, na kivinjari chake tukitupe?

#1 DirishaWazi

Wakuu, salaam. Uzi ni mrefu, wavivu wa kusoma nawaomba radhi mapema.

Wiki iliyopita mwenzangu kazini alichungulia skrini yangu, akaona ile nembo ya kichwa cha simba, akaguna: "Kumbe na wewe uko kwa yule jamaa." Nikadhani kaona kirusi. Kumbe jamaa mwenyewe ni Brendan Eich, mkurugenzi mtendaji wa Brave, kivinjari ninachotumia. Tulibishana mpaka watu wakaanza kuzima taa, na nilipofika nyumbani maneno yangu yalikuwa hayajaisha. Ndiyo haya.

Kwa wasiomjua: Eich ndiye aliyeiunda JavaScript, lugha ya programu ya tovuti, Mei 1995, akiwa kampuni ya vivinjari ya Netscape, kwa muda wa siku 10. Ilizaliwa ikiitwa Mocha, ikawa LiveScript, kisha ikabandikwa jina la JavaScript kwa sababu lugha nyingine, Java, ilikuwa inavuma wakati huo. Kila unapobonyeza kitu kwenye tovuti na kikajibu papo hapo bila ukurasa kupakiwa upya, mkono wake umo. Mwaka 1998 akawa mmoja wa walioasisi Mozilla, wale wa kivinjari cha Firefox, na akakaa humo miaka mingi akiwa mkuu wa teknolojia.

Tarehe 24 Machi 2014 Mozilla ikamtangaza kuwa mkurugenzi mtendaji. Tarehe 3 Aprili akaachia ngazi. Siku 11 tu! Kilichomtoa ni dola 1,000 alizochanga mwaka 2008 kuunga mkono Pendekezo la 8 huko California, lililotaka katiba ya jimbo itambue ndoa ya mwanamume na mwanamke peke yake. Pendekezo lilipita kwa kura kama 52 kwa kila 100, baadaye likaangushwa mahakamani. Mchango ulikuwa kwenye kumbukumbu za wazi, na watu walishaunong'ona mtandaoni tangu 2012, ila moto uliwaka alipokalia kiti. Baadhi ya wafanyakazi wa Mozilla walimwambia hadharani ajiuzulu. OkCupid, tovuti ya kutafuta wachumba, iliwawekea watumiaji wa Firefox ujumbe wa kuwataka wafungue kwa kivinjari kingine. Yeye aliahidi kwamba atamtendea kila mtu kwa usawa kazini, ila mchango wake hakuukana.

Mwaka 2015 akaanzisha Brave pamoja na Brian Bondy.

Sasa hoja ya mwenzangu ni fupi: ukikitumia, unamlisha. Mimi nikamjibu kwamba natafuta kinga ya kutofuatiliwa, sitafuti mchumba wala imamu. Nikajiona nimeshinda. Lakini usiku nikaanza kujihoji mwenyewe. Kivinjari ndicho kinachojua unasoma nini saa nane za usiku, na dalili gani unazitafuta kabla hujamwambia hata mkeo. Aliyeshika funguo za mlango kama huo, nina haki ya kuuliza ni mtu wa namna gani. Swali ni upande upi wa tabia yake unaonihusu.

Msimamo wangu kwa leo: tumpime kwa namna kampuni yake ilivyozishika data zetu. Kura yake na mfuko wake ni vyake. Nishambulieni.

#2 PopoWaAlfajiri

Nimeshaweka mkeka. Wajuzi waje.

#3 MkwecheWangu

Mnajitesa bure. Mimi natumia Chrome ilivyokuja kwenye simu, wala sina cha kuficha. Hao matajiri wana shida gani na mimi?

#4 BintiMsimbo

Mkwecheee, nitakurudia wewe. Kwanza mleta mada.

Kaka, umetaka tupime rekodi. Haya, tuifungue hiyo rekodi, maana naona watu wengi wanaisoma Brave kwenye matangazo yake yenyewe.

Desemba 2018: mtengeneza video Tom Scott akagundua Brave inamwonyesha kwa jina na picha kana kwamba anapokea michango ya watumiaji kupitia sarafu yao ya kidijitali, BAT. Hakuwa amejisajili, hakuwa ameombwa ruhusa. Alipopiga kelele ndipo wakabadilisha mpangilio, wakaweka wazi nani amejiunga na nani hajajiunga.

Juni 2020: ukiandika anwani ya Binance ya Marekani, soko la sarafu za kripto, kwenye upau wa anwani, kivinjari kinakumalizia anwani hiyo kwa kukuongezea kipachiko cha rufaa, ili Brave ipate kamisheni. Rudia kusoma hapo. Kivinjari cha faragha kinabadilisha ulichoandika kwa mkono wako, kwa faida yake. Eich alikiri kuwa ni kosa, wakakizima. Ila kwenye msimbo zilikutwa tovuti nyingine za sarafu za kripto zilizopangwa hivyohivyo.

Februari 2021: dirisha lao la Tor, lile la kujificha kabisa, likabainika linavujisha anwani za onion, za tovuti zinazofunguka ndani ya Tor tu, kwenda kwenye seva za kawaida za DNS zinazotafuta anwani za tovuti. Yaani mtoa huduma wako wa intaneti aliweza kuona jina la tovuti unayoitembelea kwa siri. Hii naihesabu ajali ya kiufundi, ilitokana na kipengele cha kuzuia matangazo, na marekebisho yalikuja haraka. Lakini anayetumia Tor kwa kuogopa kukamatwa hana muda wa kusikia habari za ajali.

Oktoba 2023: watumiaji wa Windows wakakuta Brave imewawekea huduma za VPN kwenye kompyuta, na hawajanunua VPN yoyote. Zilikuwa zimelala, hazifanyi kazi mpaka ulipie. Sawa. Lakini nani aliziita?

Ukiziangalia vizuri, tatu kati ya hizo nne ni tabia ileile: kufanya kwanza, kuomba radhi baadaye. Sijagusa ndoa ya mtu wala kura ya mtu. Umeona nilipofika?

#5 DirishaWazi

BintiMsimbo kasema: "kufanya kwanza, kuomba radhi baadaye."

Dada, hapo umenipiga pa kupiga. Hiyo ya Binance nilikuwa naijua, ya VPN sikuwa naijua kabisa.

Nikitetee kidogo. Haya yote yalijulikana kwa sababu msimbo wa Brave uko wazi na watu wanausoma. Kuna vivinjari vilivyofungwa ambavyo hatutajua kamwe vinafanya nini chini ya meza.

#6 BintiMsimbo

Msimbo kuwa wazi unasaidia mwizi aonekane, haumfanyi asiwe mwizi. 😄 Ila nakubali, ni bora kuliko giza.

#7 MzeeWaModemu

Vijana, mmemshika Eich shati mkamsahau mwenye duka. Niwarudishe nyuma kidogo, mimi nilianza intaneti enzi za modemu ya kulia kama paka aliyekanyagwa mkia.

Vidakuzi (cookies), vile vifaili vidogo ambavyo tovuti inaviacha kwenye kivinjari chako, vilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli, huyo naye wa Netscape. Nia ilikuwa njema tu: tovuti ikukumbuke ukirudi, kikapu cha manunuzi kisimwagike. Tatizo likaja pale ukurasa mmoja ulipoweza kubeba picha na vipande kutoka seva za watu wengine, na kila seva ikaruhusiwa kukuwekea kidakuzi chake. Ghafla kampuni ya matangazo ambayo hujawahi kuitembelea ikawa inakuona kwenye tovuti elfu moja. Hakuna aliyevunja mlango. Mlango ulikuwa wazi tangu mwanzo na waliokuwa na sababu ya kuufunga hawakuwa na haraka.

Kwa nini hawakuwa na haraka? Fuateni hela. Kivinjari hakiuzwi, kinagawiwa bure, lakini wahandisi wake hawalipwi kwa dua. Pesa kubwa inatoka kwenye injini ya kutafuta iliyowekwa kama chaguo la mwanzo. Mwaka 2021 Google ilitumia dola bilioni 26.3 kulipia nafasi hizo kwa kampuni mbalimbali. Mwaka 2022 Apple peke yake ilipata kama dola bilioni 20. Namba hizo zilitoka kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, ambapo Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google imeshikilia soko la utafutaji kinyume cha sheria. Septemba 2025 akatoa hukumu ya nini kifanyike: Chrome haikuuzwa, na malipo hayakupigwa marufuku, ila mikataba ya kuwafungia wengine nje ikazuiwa.

Na Mozilla mnayoisifu kwa kumtoa Eich? Mkuu wake wa fedha alikula kiapo mahakamani mwaka 2025 akasema takriban asilimia 85 ya mapato yanayotokana na Firefox hutoka Google. Yaani mpinzani wa Chrome analishwa na mwenye Chrome. Mtoto anayegombana na baba yake huku ada analipiwa na huyohuyo baba.

Kwa hiyo mimi swali la nani bosi naliweka la pili. La kwanza ni nani anayelipa mishahara.

#8 PopoWaAlfajiri

Mzee umemwaga madini. Endelea.

#9 KimyaKingi

Mimi nitakuwa tofauti na wote. Naona 2014 mnaipitia haraka mno, kama vile ni umbea wa zamani.

Mtu anachanga fedha kihalali, kwa jambo ambalo wapiga kura wengi wa jimbo lake waliliunga mkono, miaka sita kabla. Hakuna mfanyakazi aliyejitokeza kusema aliwahi kumbagua kazini. Halafu anaondolewa kwenye kampuni aliyoiasisi. Hata miongoni mwa watetezi wa ndoa za jinsia moja walikuwapo walioandika hadharani kwamba amekomolewa. Na kama leo bosi anatolewa kwa mchango wake, kesho mhandisi wa kawaida atatolewa kwa lipi?

Halafu uchekeshaji wake: hii ni kesi ya faragha vilevile! Jina lako, mwajiri wako na kiasi ulichochanga vinaanikwa mtandaoni milele, mtu yeyote anavitafuta kwa sekunde mbili. Mnaomlaumu mnazungumzia vidakuzi, yeye alishafuatiliwa bila kidakuzi.

#10 BintiMsimbo

Kimya, hoja ya mwisho ni nzito na sitaikwepa. Lakini sheria ya kutangaza michango ya kampeni ipo ili wenye fedha wasinunue sheria gizani. Mtu anayechanga ili kubadili katiba anagusa maisha ya wengine, si sawa na mtu anayesoma tovuti chumbani kwake.

Jingine: usimwangalie Eich peke yake. Jiweke kwenye kiti cha mfanyakazi wa Mozilla ambaye ndoa yake ndiyo hiyo iliyopigiwa kura. Unaambiwa huyu ndiye uso wa taasisi yako kuanzia Jumatatu. Mkurugenzi mtendaji si fundi wa nyuma ya pazia. Miaka yote akiwa mkuu wa teknolojia alikaa, tena hata baada ya 2012 mchango ulipojulikana alikaa. Kilichobadilika ni kiti.

#11 KimyaKingi

Kwa hiyo imani yako ina cheo? Ukiwa mdogo unaruhusiwa kuamini, ukipanda unakatazwa?

#12 BintiMsimbo

Ndiyo, cheo kina gharama zake. Ndiyo maana kina mshahara wake.

#13 Msimamizi

Mjadala mzuri mpaka sasa, naomba ubaki hivyo. Waliokuja kutukana makundi ya watu nimeshafuta jumbe zao tatu. Turudi kwenye vivinjari.

#14 MkwecheWangu

Mimi bado nasubiri jibu langu. Tena Chrome ina Hali Fiche (Incognito). Nikitaka siri nafungua Hali Fiche, biashara imekwisha.

#15 MzeeWaModemu

Mkweche mwanangu, Hali Fiche inakuficha kwa watu wa nyumbani kwako tu. Haihifadhi historia kwenye kifaa, basi. Tovuti zinakuona, mtoa huduma wa intaneti anakuona, ofisi ikiwa ndiyo yenye mtandao inakuona.

Watu walioamini kama wewe walienda mahakamani huko Marekani mwaka 2020, wakidai Google imekusanya data zao hata wakiwa Hali Fiche. Masharti ya makubaliano yalijulikana Aprili 2024: Google ikakubali kufuta mabilioni ya kumbukumbu, na maelezo yanayotokea unapofungua dirisha hilo yakabadilishwa yawe ya kweli zaidi. Fidia ya moja kwa moja kwa watumiaji kupitia makubaliano hayo, hakuna.

Na ile "sina cha kuficha", chooni unafunga mlango au hufungi?

#16 MkwecheWangu

😂😂 Mzee umenimaliza. Nafunga.

#17 NyuziNaSindano

Naongeza upande wa ufundi kidogo, maana naona watu wanadhani ukifuta vidakuzi umepona.

Kuna kufuatiliwa kwa alama ya kivinjari. Tovuti inakiuliza kivinjari chako maswali madogomadogo yasiyo na hatia: skrini ina upana gani, una fonti zipi, saa za eneo lako, kadi ya michoro ni ipi, chora umbo hili nione litatokaje. Kila jibu peke yake halina maana. Ukiyaunganisha, unakuwa wewe. Mwaka 2010 shirika la kutetea haki za kidijitali la EFF lilifanya jaribio la Panopticlick, na katika vivinjari vilivyopimwa zaidi ya 8 kwa kila 10 vilikuwa na alama ya pekee isiyofanana na ya mwingine. Hapo hakuna kilichohifadhiwa kwako, kwa hiyo hakuna cha kufuta.

Dawa ziko za aina mbili na zinapingana kifalsafa, jambo linalonifurahisha sana. Kivinjari cha Tor kinataka wote mfanane: hata ukilivuta dirisha, ukurasa unawekewa pembe ili vipimo viangukie kwenye saizi chache zilezile za wengi. Sare ya shule. Brave inafanya kinyume, inatia chumvi kidogo kwenye majibu, na chumvi yenyewe inabadilika kutoka tovuti hadi tovuti na kila unapokifungua upya, ili leo uonekane huyu na kesho yule. Kinyago. Sare ina nguvu zaidi kama wavaaji ni wengi, kinyago kinafaa kama hutaki kuharibu tovuti unazotumia kila siku.

Na hapa wengi mnajikwaa: unajaza viendelezi (vijiprogramu vya kuongeza kwenye kivinjari) 15 vya faragha, mwisho wake unakuwa mtu pekee duniani mwenye mchanganyiko huo. Umejificha kwa kuvaa taa kichwani.

#18 DirishaWazi

"Umejificha kwa kuvaa taa kichwani." Hii naiandika ukutani.

Nyuzi, kwa hiyo wewe kiufundi unaikubali Brave?

#19 NyuziNaSindano

Kwa mtu asiyependa kugusa mipangilio, ndiyo. Kizuizi chake cha matangazo kimo ndani ya kivinjari chenyewe, hakitegemei viendelezi. Hiyo imekuwa na maana tangu Google ibadilishe kanuni za viendelezi, ile Manifest V3. Kizuia matangazo cha uBlock Origin, toleo kamili, kimezimwa kwenye Chrome, limebaki toleo jepesi. Firefox imeendelea kuikubali ile kamili.

Ila tusidanganyane kuhusu uhuru. Tangu mwishoni mwa 2018 Brave inajengwa juu ya Chromium, msimbo wa wazi wa Google ambao ndio msingi wa Chrome. Edge vilevile, Opera vilevile, Vivaldi vilevile. Umehama nyumba, msingi ni wa mwenye nyumba yuleyule. Google akiamua jambo huko chini, hawa wote wanapaswa ama kulimeza ama kutumia wahandisi wao kulibandua kila toleo. Injini (sehemu ya kivinjari inayochora kurasa) zilizobaki zenye watu ni tatu: Blink ya Chromium, WebKit ya Apple, na Gecko ya Firefox. Na Blink nayo ilichomolewa kutoka WebKit mwaka 2013, kwa hiyo mbili ni ndugu.

#20 KimyaKingi

Nina swali kwa wanaosusia Brave kwa ajili ya Eich: mmezima na JavaScript? Maana huyo ndiye baba yake. Mkiizima mje hapa mtusimulie tovuti ngapi zimebaki zinafunguka. 😏

#21 BintiMsimbo

Nimecheka, ila huo mfano haubebi. JavaScript ni kiwango cha wazi kinachosimamiwa na shirika la viwango la Ecma tangu 1997. Nikiitumia Eich hapati hata senti. Brave ni kampuni, ina mapato, yeye ni mwasisi wake. Kuna tofauti kati ya kula matunda ya mti alioupanda mtu zamani na kununua dukani kwake leo.

#22 SautiYaKinu

Napita kuchangia yaliyonikuta, labda yatasaidia.

Niliwahi kuweka kiendelezi cha "usalama". Sitakitaja. Kilikuwa kinaniwekea alama ya kijani pembeni ya tovuti salama, nikajisikia mtu wa maana. Siku moja, kwa kukosa kazi, nikafungua zana za waundaji ndani ya kivinjari nione nini kinatoka. Kila anwani niliyofungua ilikuwa inasafirishwa. Nzima nzima, pamoja na maneno niliyotafuta. Nilirudi kusoma sera ya faragha: ilikuwa imeandikwa, aya ya kumi na ngapi huko. Niliruhusu mwenyewe.

Sikuwa nimewahi kujiuliza bosi wa hiyo kampuni ni nani, wala kama ana maneno. Hakuwa na maneno. Alikuwa kimya kabisa.

#23 MzeeWaModemu

Sauti, pole. Biashara hiyo ipo na imeshaandikwa kwenye hukumu. Avast, watu wa kuzuia virusi, walikuwa wanakusanya historia za watumiaji na kuziuza kupitia kampuni yao tanzu ya Jumpshot, mpaka walipoifunga mwaka 2020 baada ya waandishi kuianika. Februari 2024 tume ya biashara ya Marekani ikawatoza dola milioni 16.5.

Tena mfano mwingine, DuckDuckGo. Mei 2022 mtafiti mmoja aligundua kivinjari chao kinazuia vifuatiliaji vya kila mtu isipokuwa vya Microsoft kwenye baadhi ya tovuti, kwa sababu ya mkataba wa matokeo ya utafutaji. Mkurugenzi wao alijitokeza kueleza, na Agosti mwaka huohuo wakaongeza uzuiaji. Narudi palepale: mkataba wa fedha ndio ulioamua nani azuiwe na nani apite.

#24 DirishaWazi

Sauti, ujumbe wako umenikaa kooni. "Hakuwa na maneno."

Nikiuunganisha na Mozilla ndiyo nachanganyikiwa zaidi. Baada ya Eich walipata viongozi ambao kauli zao zilipendeza kila mtu. Agosti 2020 wakapunguza wafanyakazi kama 250. Mwaka 2022 mkurugenzi mtendaji wao alilipwa karibu dola milioni 7, huku Firefox iliyowahi kushika karibu theluthi ya soko ikishuka hadi tarakimu moja ndogo. Julai 2024, toleo la 128, wakawasha kipimo cha matangazo bila kuuliza watumiaji, na shirika la kutetea faragha la noyb likapeleka malalamiko. Februari 2025 wakaleta masharti ya matumizi yenye sentensi iliyosomeka kama unawapa leseni ya kila unachoandika kwenye Firefox, na kwenye tovuti yao ile ahadi ya "hatujawahi kuuza data zako wala hatutauza" ikafutwa. Walieleza kwamba sheria za baadhi ya maeneo zinalitafsiri neno "kuuza" kwa upana mno, wakarekebisha maandishi ndani ya siku chache. Maelezo nayakubali nusu. Ahadi lakini haijarudi kama ilivyokuwa.

Yaani huku kuna bosi mwenye maneno na kivinjari kinachozuia vizuri lakini kina mkono mwepesi. Kule mabosi wasio na maneno, na kivinjari kinachozidi kunyong'onyea.

#25 KimyaKingi

Ndiyo nilichokuwa nasema tangu mwanzo.

#26 BintiMsimbo

Hapana, sicho ulichosema, ila leo nakuachia. 😄

Dirisha, nikujibu kama mtu anayefanya kazi hizi. Mimi natumia Firefox yenye uBlock Origin, nimezima kile kipimo cha matangazo kwenye mipangilio, na nimeweka ulinzi kwenye kiwango cha juu. Siifagilii Mozilla. Naishika kwa sababu Gecko ikifa, wavuti yote itaamuliwa na kampuni mbili, Apple na Google, na Google inaishi kwa matangazo. Google hao ndio wenye ile ahadi ya kuondoa vidakuzi vya watu wa pembeni kwenye Chrome, Januari 2020 walisema ndani ya miaka miwili. Wakaahirisha, wakaahirisha, Julai 2024 wakaiacha. Kivinjari cha Apple, Safari, kilikuwa kimeshavizuia vyote tangu Machi 2020, Firefox inavifungia kila kimoja chumba chake tangu Juni 2022. Ufundi haukuwa tatizo kabisa.

Na suala la kumlisha Eich au kutomlisha, ni rahisi kuliko mnavyodhani. Brave inapata fedha kwenye matangazo yake yenyewe, utafutaji, VPN na mambo ya pochi ya kripto. Ukizima hivyo vyote na kuweka injini nyingine ya kutafuta, wewe kwao ni mgeni anayekula bila kulipa.

#27 MzeeWaModemu

Na wakiwa wageni wa hivyo wote, kampuni itakula nini? Ndipo vinapozaliwa vipachiko vya rufaa kwenye upau wa anwani.

#28 BintiMsimbo

Mzee... 🙌 sina jibu la hapo.

#29 DirishaWazi

Nilichofanya jana usiku, kwa waliouliza inbox: kompyuta ya kazi nimeirudisha Firefox. Simu nimeacha Brave, nimezima zawadi, pochi, VPN na matangazo ya ukurasa wa mwanzo, ilinichukua kama dakika tano kwa sababu vimetawanywa kila kona. Mwenzangu nimemwambia, akasema nusu ya dhambi bado ni dhambi. Nimemuuliza yeye anatumia nini. Chrome.

#30 PopoWaAlfajiri

😂😂😂😂

#31 MkwecheWangu

Wakuu mmenishawishi, nataka kuhama Chrome kwenye kompyuta. Lakini manenosiri yangu yote yamo humo, hata moja silijui kwa kichwa. Nifanyeje?

#32 NyuziNaSindano

Firefox ukiifungua mara ya kwanza itakuuliza kama unataka kuleta vitu kutoka kivinjari kingine. Kubali, chagua Chrome. Alamisho na historia vitakuja vyenyewe. Manenosiri yakikataa, ingia mipangilio ya Chrome, sehemu ya manenosiri, yatoe kama faili la CSV, kisha lilete Firefox.

SIKILIZA HAPA: hilo faili halina kufuli lolote. Yeyote atakayelifungua anayasoma kama barua. Usilitume kwa barua pepe, usiliache kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Likishaingia, lifute, na pipa la taka ulimwage. Halafu ujiondoe kwenye akaunti ndani ya Chrome.

#33 MkwecheWangu

Nimemaliza. Manenosiri yote salama, faili nimefuta, pipa nimemwaga. Alamisho zimekuja 640, hadi zile nilizokuwa naomba Mungu zipotee njiani.